Haipo, Haiko, Haimo

"Diski imeharibika, mjomba."

Hayo ndiyo maneno niliyoyatamka Jumamosi moja ya Aprili 2009, yapata saa kumi na moja jioni, ndani ya kibanda cha mjomba wangu cha kuchapa na kupiga fotokopi mtaani Bondeni, Nakuru. Mbele yetu kiwambo cha tarakilishi kilikuwa kimeandika kwa Kiingereza: "Error 21: Selected disk does not exist." Mimi nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili kule Njoro, na muhula uliotangulia nilikuwa nimetahiniwa katika nadharia na mbinu za tafsiri nikapata alama za kuridhisha. Sentensi ile niliifasiri kwa maneno mawili, tena kwa yakini kubwa. Sina budi kukiri mbele ya wasomaji wa jarida hili kwamba tafsiri hiyo ilikuwa mbovu, na kwamba ubovu wake nusura umnyime mama mmoja wa Bondeni pesa za kumsafirisha na kumzika mzazi wake.

Bondeni ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Nakuru. Jirani zake ni Kivumbini na Flamingo, na kama ilivyo katika mitaa hiyo, watu wa asili nyingi wamekutana humo na kuzaliana, na Kiswahili kikawa lugha ya jikoni na ya kitandani, si ya sokoni pekee. Mjomba wangu ni zao la mtaa huo. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza kupiga taipu, na kwa miaka zaidi ya ishirini alichapa barua za Kiingereza za watu wengine bila kukosea herufi, ilhali Kiingereza chenyewe hakukisema. Alikinakili kama fundi seremala anavyonakili nakshi asiyojua maana yake. Alipoiacha taipu na kununua tarakilishi ya mtumba, hali haikubadilika. Alizijua amri za mashine kwa mahali zilipo katika kiwambo, si kwa maana ya maneno yake.

Ndani ya tarakilishi hiyo mlikuwa na faili moja isiyokuwa ya wateja. Kina mama wa mtaani walikuwa na chama cha kuzikana chenye wanachama 43, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi. Mwanachama akifiwa, chama humpa shilingi 20,000. Mwenye malimbikizo ya zaidi ya miezi miwili hupata nusu. Kwa miaka mingi hesabu ziliwekwa katika daftari la jalada gumu, hadi mimi, kwa ujuaji wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilipowashawishi kuzihamishia katika tarakilishi. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu mweka hazina alipoacha kuandika kwa kalamu. Nakala ya pili ya faili hiyo hapakuwa nayo popote. Ijumaa, mkesha wa siku ninayoisimulia, mwanachama mmoja alikuwa amefiwa na mamake. Maiti ilitarajiwa kusafirishwa Jumatatu kwenda Kakamega. Kikao cha kutoa pesa kilipangwa Jumapili saa kumi alasiri, na tayari minong'ono ilikuwa imezagaa kwamba mfiwa ana madeni na hastahili zaidi ya nusu.

Msomaji atauliza: kwa nini basi mtu aichezee mashine hiyo wikendi hiyo? Habari ya msiba sikuwa nayo asubuhi ile. Lakini hata ningekuwa nayo, siwezi kuapa kwamba ningengoja, maana nilikuwa nimeshikwa na shauku. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Darasani tulikuwa tukibishana iwapo mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo kibodi iitwe baobonye. Kumbe wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa wameshaketi na kuunda istilahi na kuziingiza ndani ya mashine zifanye kazi. Nilitaka mjomba aone menyu anazozisoma. Pia Windows XP iliyokuwa humo ilikuwa imeelemewa na virusi vilivyoletwa na flashi za wateja. Nikaamua kuiwekea tarakilishi mfumo endeshi wa pili, Ubuntu 8.04, ukae bega kwa bega na ule wa kwanza. Baadaye niligundua kwamba Jambo OpenOffice ingekubali kufanya kazi ndani ya Windows vilevile, na kwamba safari yote hiyo haikuwa na ulazima. Lakini ujana una sababu zake.

Mwenzangu mmoja wa chuoni alikuwa na CD ya Ubuntu. Siku hizo mtu aliweza kuagiza CD hizo bure, zikaletwa kwa posta hadi sandukuni. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2011. Alikuja nayo Bondeni akakaa nasi mchana kutwa. Tuliigawa diski ya gigabaiti 40: Windows tukaiachia 28, zilizobaki tukaipa Ubuntu. Programu ya usakinishaji iliuliza mahali pa kumweka bawabu, nikachagua diski ya ndani, ile kubwa. Kazi ilipokwisha mashine ikaitema CD na kutuagiza tuiwashe upya. Mwenzangu akaitwaa CD yake, akatuaga, akakimbilia matatu ya Njoro. Wakati huohuo mteja mmoja, mwalimu, alikuwa mlangoni akidai kitu chake, na mjomba akamhudumia. Mimi macho yalikuwa kwenye kiwambo.

Menyu ikatokea, nzuri, ikiorodhesha mifumo miwili. Nikachagua Ubuntu: Error 21. Nikarudi, nikachagua Windows: Error 21. Nikazima, nikawasha, nikarudia mara saba au nane kana kwamba mashine ingenionea huruma. Hapo ndipo nilipotoa ile hukumu ya maneno mawili.

Taarifa mbaya hutembea. Kabla ya magharibi mweka hazina alikuwa amefika, na nyuma yake Mama Mwenyekiti. Hawakunigombeza, jambo lililoniumiza zaidi. Mama Mwenyekiti aliuliza tu, "Mwanangu, basi kesho tutamwambia nini mwenzetu?" Nikampigia simu mwenye CD, simu yake haikupatikana. Akaitwa fundi mmoja wa mjini. Alipoambiwa kwamba diski imeharibika, alisema bila ya kuketi kwamba atakuja asubuhi kuifomati na kuweka Windows upya kwa shilingi 1,000, na habari ya yaliyomo tuisahau. Sikumlaumu wakati huo wala simlaumu sasa. Yeye alitibu ugonjwa kwa jina alilopewa, na jina hilo nilimpa mimi. Nilikubali aje.

Tulibaki wawili, mjomba na mimi, na chai ya rangi. Baada ya sala ya isha mjomba alivuta kiti akakaa mbele ya kiwambo, akayatazama maandishi yale ya Kiingereza kwa muda mrefu.

"Mpwa wangu," akasema, "hapa pameandikwa imeharibika?"

Nikamwambia ndiyo, ni kama hivyo.

"Kama hivyo, au ni hivyo? Nisomee neno kwa neno, kama unavyowasomea walimu wako."

Nikamsomea: diski iliyochaguliwa haipo.

"Haipo! Mbona wewe ulisema imeharibika? Kitu kilichoharibika kipo. Kiatu changu kimeharibika, hiki hapa. Kisichokuwapo hakijaharibika."

Nilinyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo, tangu siku hiyo, nimelitumia katika kila mjadala wa vihusishi na viambishi vya mahali: "Haipo, haiko, au haimo?"

Kila mwanafunzi wa sarufi anazijua -po, -ko na -mo: mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri, mahali pa ndani. Tunazikariri, tunazitolea mifano ya kitabu mezani, shambani na mfukoni, tunasonga mbele. Kiingereza cha kiwambo kile hakikuwa na haja ya kuchagua; kilisema kitu hicho hakina uwapo, basi. Kiswahili cha mjomba kilikataa kuendelea hadi kijue mahali. Sikuwa na jibu. Kusema haiko, yaani haijulikani ilipo, hakukuwa na maana, kwa kuwa diski haitembei. Kusema haimo, yaani haimo ndani ya hili boksi, kulikuwa kichekesho, kwa kuwa tulikuwa tunausikia mlio wake ukizunguka.

"Na hii menyu unayoitazama," akaendelea, "inatoka wapi? CD ameondoka nayo mwenzako."

Hapo ndipo nilipotanabahi. Ikabidi nimweleze, na katika kumweleza nikajieleza mwenyewe, jinsi mashine hii inavyoamka. Nasema inavyoamka kwa makusudi. Kitenzi kuwasha kinatosha kwa taa. Kwa tarakilishi kuna kuwasha, ambako ni kubonyeza kitufe, halafu kuna kuamka, ambako ni safari ndefu kidogo. Kwanza programu iitwayo BIOS, iliyofungwa katika chipu ya ubao mkuu, hujikagua na kuhesabu vifaa. Kisha huiendea diski na kusoma sekta yake ya kwanza kabisa, baiti 512 na si zaidi. Katika hizo, baiti 446 ni za maelekezo, 64 ni jedwali linaloonyesha diski imegawanywa vipi, na 2 za mwisho ni muhuri. Baiti 446 ni chache mno kuubeba mfumo endeshi. Zinatosha kumwita mtu tu. Anayeitwa ndiye niliyemtaja kuwa bawabu, naye katika Ubuntu anaitwa GRUB. Bawabu husimama mlangoni, husoma orodha yake ya menyu, na kukuuliza unataka kuingia kwa nani. Orodha hiyo imehifadhiwa katika sehemu ya Ubuntu, ndani ya diski ileile.

Kwa hiyo, ikiwa menyu inaonekana, diski imesomeka. Na ikiwa diski imesomeka, haikuharibika. Tangu saa kumi na moja mashine ilikuwa ikinionyesha ushahidi huo kila nilipoiwasha, nami nilikuwa nimeshaiandikia tanzia.

Mjomba hakusherehekea. Alikuwa amebaki na neno moja. "Umesema iliyochaguliwa. Imechaguliwa na nani? Mimi sikuchagua. Wewe ulichagua?"

Nilichagua mfumo, si diski. Basi nani? Chini ya menyu palikuwa na mistari miwili midogo ya maelezo ambayo nilikuwa nimeitazama mara nane bila ya kuisoma. Ilisema kwamba nikibonyeza herufi "e" nitaweza kuyaona na kuyarekebisha maagizo kabla ya kuamsha mfumo, na nikibonyeza "c" nitapata mahali pa kuandika amri. Nikabonyeza "e". Mstari wa kwanza ulikuwa huu: root (hd1,4).

Nikamfafanulia mjomba. Herufi hizo mbili ni diski ngumu. Tarakimu ya kwanza ni nambari ya diski, ya pili ni nambari ya sehemu ndani yake, na bawabu huyu huanza kuhesabu kwenye sifuri. Mjomba, ambaye amekusanya kodi za ploti za watu kwa miaka, alilipata mara moja, ila sifuri ilimkera. "Hakuna ploti nambari sifuri," alisema. Nikamwambia kwa bawabu ipo. Kwa hiyo (hd0,0) ni ploti ya kwanza, chumba cha kwanza. Na vyumba vya 0 hadi 3 vimewekewa sehemu kuu, ndiyo maana Ubuntu, iliyowekwa katika sehemu za ziada, imeanzia 4.

"Basi (hd1,4) ni ploti ya pili."

"Ya pili, mjomba."

"Ndani ya hii kompyuta mna ploti ngapi?"

"Moja."

"Haimo, basi," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari. "Bawabu ametumwa ploti ya pili katika mtaa wenye ploti moja. Yeye hana kosa. Sasa aliyemwandikia anwani hiyo aliiona wapi ploti ya pili?"

Swali hilo sikulijibu mimi. Alilijibu mwenyewe, baada ya kimya kifupi, huku ameshika kikombe. "Flashi ya mwalimu."

Nyuma ya boksi, mahali nisipopaona, palikuwa pamechomekwa flashi ya yule mwalimu aliyekuja kuchapisha mitihani. Ilikuwa humo mchana kutwa tulipokuwa tukisakinisha. Programu ya usakinishaji iliiona, ikaihesabu kuwa diski ya kwanza, na diski yetu ikaandikwa kuwa ya pili. Nilipokuwa nikimpa mwenzangu CD, mjomba aliichomoa flashi akampa mwenyewe. Mashine ilipoamka, diski yetu ikawa ya kwanza na ya pekee, lakini anwani katika orodha ya bawabu ilikuwa imeshaandikwa.

Sikutaka kukisia mara ya pili siku moja. Nilibonyeza "c", nikaandika find /boot/grub/stage1, amri inayomtaka bawabu aitafute faili yake mwenyewe katika sehemu zote anazoziona. Akajibu: (hd0,4). Nikarudi kwenye mstari, nikafuta 1 nikaweka 0, nikabonyeza kitufe cha kuingiza, kisha "b". Ubuntu ikaamka. Nilifungua faili ya menyu.lst, ambayo kwa tahajia yake halisi ni menu.lst, nikasahihisha nambari humo ili marekebisho yadumu. Kwa upande wa Windows palikuwa na mistari miwili ya ziada inayoanza na neno map. Hiyo huwekwa pale Windows inapodhaniwa kuwa katika diski isiyo ya kwanza, ili kuihadaa ijione iko kwenye ya kwanza. Kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kweli, hadaa hiyo ilikuwa madhara matupu. Nikaifuta.

Tulipoichagua Windows, kiwambo kikawa cha buluu na asilimia zikaanza kupanda polepole. Mjomba akanishika bega. "Na hii inasemaje? Neno kwa neno." Nikamwambia inasema inaikagua diski, kwa sababu sehemu yake ilipunguzwa. Ni kawaida. Tulingoja. Saa sita kasorobo usiku faili ya chama ilifunguka, safu 43 zikiwa kamili. Kabla ya kitu kingine chochote niliichapisha karatasini, nakala tatu. Kisha tukampigia fundi simu asije.

Kuhusu kikao cha Jumapili sitasema mengi, kwa kuwa mambo ya kina mama hao si yangu kuyaanika. Mfiwa alikuwa amelipa kila mwezi. Januari alikuwa amelipa mara mbili ili kufidia Desemba, na hapo ndipo minong'ono ilipopata pa kuanzia. Aliyenong'ona zaidi alionekana ana malimbikizo ya miezi minne. Shilingi 20,000 zilitolewa. Siku iliyofuata mweka hazina alinunua daftari jipya la jalada gumu, akaanza kuandika tena kwa kalamu, na tarakilishi ikawa nakala ya pili. Alipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, na ushauri huo ulipaswa kutoka kwangu.

Mashine za leo haziamki hivyo kabisa. Kuanzia Oktoba 2009, Ubuntu 9.10 ilileta toleo la pili la GRUB, ambalo huitafuta sehemu kwa kitambulisho chake cha pekee badala ya kutegemea nambari ya foleni, kwa hiyo flashi ya mwalimu haiwezi tena kuleta mkasa uleule kirahisi. Tangu enzi ya Windows 8, mwaka 2012, tarakilishi nyingi mpya zinatumia UEFI badala ya BIOS ya kale. Mabawabu wote huwekwa katika sehemu moja ndogo ya diski, na mashine hushika orodha ya nani aitwe kwanza. Mwanafunzi hunijia akilia kwamba Linux yake imefutika baada ya Windows kujisasisha, nami humwambia aifungue orodha hiyo. Mara nyingi hukuta Windows imejiweka juu na bawabu wa pili yupo palepale, hajaitwa tu. Agosti 2024 sasisho moja la usalama la Windows liliwazuia mabawabu wa Linux waliopitwa na wakati, na watu wengi duniani wenye mifumo miwili waliamkia ujumbe wa mistari miwili. Mstari wa pili ulisema kwamba kuna jambo lililokwenda mrama vibaya sana, na huo ndio watu waliousoma wakaingiwa na hofu. Mstari wa kwanza ulitaja kilichokataliwa: uhakiki wa data ya bawabu iitwayo SBAT, kwa kukiuka sera ya usalama. Aliyeusoma wa kwanza alijua kwamba mafaili yake hayajaguswa, na kwamba tatizo ni kibali cha mlangoni. Nami humsihi kila anayetaka kubadilisha lolote katika UEFI kwamba, ikiwa diski yake imefungwa kwa BitLocker, kwanza ahakikishe ana ule ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa maana mlango huo ukikataa haudanganywi kwa herufi "e".

Lakini habari ya kibanda haikuishia usiku ule. Niliporudi Njoro nilikuwa nimeacha kosa moja. Katika ile faili ya menyu kuna mstari unaoanza na alama ya reli, ukiwa na neno groot na anwani ya diski. Mistari yenye alama hiyo kwa kawaida ni maelezo tu, mashine huiruka, nami nikauruka. Mstari huo mmoja si maelezo. Programu ya masasisho huusoma kila inapoiandika upya orodha. Wiki tatu baadaye Ubuntu ilijisasisha kupitia modemu mpya ya mjomba, ikauchukua mstari huo, na (hd1,4) ikarejea.

Nilikuwa maktabani simu ilipolia. Nikatoka nje.

"Mpwa wangu, haimo tena," mjomba alisema, bila ya salamu. Hakusema imeharibika.

Nilianza kumwelekeza, akanikatiza. Alikuwa ameshabonyeza "e" na ameuona mstari. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: afute ile moja na kuweka sifuri, au ahesabu kwanza? Nikamwambia aulize kwa amri ya find kama tulivyofanya. Nikamsikia akichapa herufi za Kiingereza moja moja, kwa kasi ileile ya taipu, akisoma kwa sauti alama ya mkwaju kila alipoifikia. Kisha kimya. Kisha akanisomea jibu: mabano, hd sifuri, mkato, nne, mabano.

"Ploti sifuri," akasema. "Mtaa huu!"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bondeni kuusahihisha mstari wa groot. Nilikuta ameshabandika kikaratasi juu ya boksi, kimechapwa vizuri, kikiwaagiza wateja wote wachomoe flashi zao kabla ya mashine kuwashwa. Chini yake, kwa kalamu ya wino, alikuwa ameongeza: *na kama imeandika kitu, someni chote.*